Mama Akizala, Mupira Haujaisha

*Namna mwanamuke muchezaji anaweza kurudi uwanjani kisha kuzala, na namna mama wa kariere anaweza kurudi kwenye kazi bila kuharibu mwili*

Katika mitaa yetu ya Kisangani, kutoka Mangobo mpaka Kabondo, kutoka Tshopo mpaka ng'ambo kule Lubunga, kuna neno moja tunalisikia tangu zamani: «Ule binti alikuwa anacheza muzuri sana, lakini alizala.» Halafu mazungumuzo yanaisha. Hakuna mutu anayeuliza: na kisha kuzala, ilikuwa namna gani? Sawa vile kuzala ni mulango ambao ukishapita, unafungwa nyuma yako.

Leo tunataka kuufungua ule mulango. Tunaandika juu ya wachezaji wanawake, wa mupira wa miguu, wa basketi, wa handball, wa mbio. Lakini tunaandika pia juu ya wewe mama ambaye haujavaa hata siku moja maillot ya ekipe, lakini unabeba mifuko ya mchanga kwenye kariere upande wa Bafwasende ao wa Banalia, ao unabeba bidon ya maji na sahani ya chakula mpaka kwenye shimo wanaume wanachimba. Juu mwili ni ule ule. Tumbo la muchezaji na tumbo la mama wa kariere halina tofauti. Mambo ambayo minganga wanamwambia muchezaji wa Nairobi ao wa Paris, yanakuhusu na wewe.

Wale waliorudi

Tuanze na mifano, ili mutu asiseme hii ni maneno ya vitabu tu.

Huko Kenya kuna mukimbiaji mumoja, Faith Kipyegon. Mwaka 2016 alipata medali ya zahabu ya mita 1500 kule Rio. Mwezi wa sita 2018 alizala mutoto mwanamuke, Alyn. Watu wengi waliwaza: basi, imeisha. Hakukimbilia kurudi. Alipumzika, alinyonyesha, akaanza mazoezi polepole. Mashindano ya kwanza alifanya mwezi wa sita 2019, ni kusema mwaka mumoja muzima kisha kuzala. Mwezi wa kumi wa mwaka ule ule, kule Doha, alipata fedha ya dunia. Mwaka 2021 alichukua zahabu ya Olimpiki kule Tokyo, na mwaka 2024 akachukua tena kule Paris. Katikati, mwaka 2023, alivunja rekodi za dunia katika mita 1500, mita 5000 na maili, yote mu msimu moja. Mama wa mutoto wa miaka mitano. Kabla ya kuzala hakukuwa na rekodi hata moja ya dunia ya kukimbia peke yake.

Si yeye tu. Vivian Cheruiyot alizala mutoto mwanaume mwezi wa kumi 2013. Mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia wa mita 10 000 kule Beijing, na mwaka 2016 akapata zahabu ya mita 5000 kule Rio. Hellen Obiri alizala 2015, na mwaka uliofuata alikuwa na medali ya fedha ya Olimpiki. Mary Keitany alizala mara mbili, 2008 na 2013. Mara ya kwanza alirudi akawa bingwa wa dunia wa nusu-maratoni mwaka 2009, mara ya pili alirudi akashinda maratoni ya New York mwaka 2014, kisha 2015, kisha 2016. Brigid Kosgei alikuwa tayari mama wa mapacha wakati alipokimbia maratoni ya Chicago, tarehe 13 mwezi wa kumi 2019, kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4, rekodi ya dunia ya wakati ule.

Hatusemi kila mama atakuwa Kipyegon. Tunasema kitu kimoja: hawa wanawake hawakurudi kwa uchawi. Walirudi juu walikuwa na mambo matatu: wakati, watu wa kuwasaidia, na mutu anayejua mwili wa mwanamuke aliyezala. Kisangani hatuna makambi ya mazoezi kama yale ya milima ya Kenya. Lakini wakati hauuzwe kwenye soko. Na maarifa tunaweza kupeana hapa.

Ndani ya mwili kunapita nini

Kwanza tujue mama ametoka wapi. Miezi tisa, tumbo limevuta misuli ya mbele mpaka imeachana katikati. Pale pa katikati, kwa wamama wengi, kunabaki mupenyo. Ukilala chali na kuinua kichwa kidogo, unaweza kuuona kama mugongo mudogo unaotokea juu ya kitovu. Kwa wengi unajifunga wenyewe kwa wiki za kwanza. Kwa wengine unabaki, na ukianza kufanya mazoezi makali ya tumbo mbio mbio, unaufungua zaidi.

Pili, kuna misuli ya chini, ile minganga wanaita perine. Ni kama kitanda kidogo cha misuli kinachoshika kibofu cha mukojo, kizazi na njia ya haja kubwa. Wakati mutoto anapita, ile misuli inavutika sana, na mara nyingine inapasuka na kushonwa. Mutu akivunjika muguu, hakuna kocha atakayemwambia akimbie kisha wiki mbili. Lakini juu perine haionekane, tunaisahau.

Tatu, ndani ya kizazi, pale plasenta ilikuwa imeshika, kunabaki kidonda kikubwa karibu na ukubwa wa sahani. Kizazi chenyewe kinahitaji wiki karibu sita kurudi kwenye ukubwa wake. Damu inayotoka kwa wiki za kwanza ni alama kwamba ile kidonda inapona. Ikianza kupunguka na kuwa nyeupe-nyeupe, halafu siku moja umetembea sana ao umebeba kitu kizito na damu nyekundu inarudi, mwili unakuambia: umepita mupaka. Rudi nyuma.

Na kama mama amezalishwa kwa kupasuliwa, tuongeze hapo kidonda cha upasuaji. Ngozi ya juu inafungika haraka, lakini munganga amekata tabaka nyingi chini yake, na zile zinachelewa kupona. Ndiyo sababu wanamwambia asibeba kitu kizito kupita mutoto wake kwa wiki sita za kwanza. Bidon ya litre 20 si mutoto. Mufuko wa gravier si mutoto.

Wiki kwa wiki

Mwaka 2019, wataalamu wa kine wa Uingereza walitoa muongozo juu ya kurudi kukimbia kisha kuzala. Neno lao la kwanza ni hili: kukimbia na kuruka, hapana mbele ya miezi mitatu. Hata kama mama anajisikia muzuri. Hata kama alizala bila kupasuka. Miezi mitatu ni kiasi cha chini, si tarehe ya lazima. Kuna wenye watahitaji sita ao zaidi.

Lakini kungojea miezi mitatu si kulala miezi mitatu. Tuangalie namna njia inaenda.

*Wiki mbili za kwanza.* Pumzika, nyonyesha, lala wakati mutoto analala. Tembea kidogo ndani ya nyumba na kwenye parcelle, juu mutu anayelala tu bila kuinuka anaweza kupata damu ya kuganda mu miguu. Na anza ile kazi ya perine, kama hakuna maumivu: kaza misuli ya chini sawa vile unazuia mukojo na hewa kwa wakati moja, shika kidogo, halafu lachilia kabisa. Kulachilia ni lazima sawa na kukaza. Usisimamishe pumzi. Polepole, kisha siku nyingi, fika kwenye kukaza sekunde 10, mara 10, mara tatu kwa siku. Ongeza na mara 10 za haraka-haraka. Unaweza kufanya ukiwa unanyonyesha, hakuna mutu atakayejua. Lakini usiizoee kufanya wakati unakojoa kwa kweli.

*Kutoka wiki ya pili mpaka ya sita.* Matembezi yaongezeke: dakika 10, kisha 15, kisha 20. Asubuhi kando ya mto, mbele ya jua kupanda, ni muzuri. Mji wetu uko karibu na ikweta na joto yake tunaijua. Kama umeshonwa, achana kwanza na kukaa nyuma ya toleka kwenye barabara za mashimo. Kidonda kitakushukuru.

*Wiki ya sita.* Rudia kwenye kituo cha afya. Wamama wengi wanapeleka mutoto kwa chanjo na kupima kilo, lakini wao wenyewe hawaonekane. Omba wakuangalie na wewe: damu, presha, kidonda, tumbo, na ule mupenyo wa katikati. Uliza kama hospitali iko na mutu wa kine. Kama hakuna, muuguzi wa uzazi anaweza kukuambia kama unakaza perine vizuri.

*Kutoka wiki ya sita mpaka ya kumi na mbili.* Sasa tunajenga nguvu. Kuinuka juu ya vidole vya miguu na kushuka. Kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua makalio. Kukaa kwenye kiti na kusimama bila kusaidia na mikono. Kulala upande na kuinua muguu. Yote haya hayahitaji jimu wala makuta. Kiti na mukeka vinatosha.

*Kisha wiki ya kumi na mbili.* Mbele ya kukimbia, jipime. Ule muongozo wa Uingereza unatoa mitihani ambayo unaweza kufanya kwenye parcelle:

– tembea dakika 30;
– simama muguu moja sekunde 10, kila upande;
– kunja goti moja na kushuka kidogo, mara 10 kila muguu;
– kimbia pale pale bila kusonga, dakika moja;
– ruka mbele, mara 10;
– ruka muguu moja pale pale, mara 10 kila muguu.

Kama umefanya yote bila maumivu, bila mukojo kutoka, bila kusikia uzito kama kitu kinataka kuanguka chini, basi unaweza kuanza: kukimbia dakika moja ao mbili, kutembea, kukimbia tena. Usiongeze mwendo mbele ya kuongeza wakati. Kama mutihani moja unakushinda, haukuanguka darasa; unarudia mazoezi ya nguvu wiki mbili zingine, halafu unajaribu tena.

Na mama wa kariere? Tunakuomba utumie mitihani ile ile mbele ya kurudi kwenye mizigo. Kama kuruka mara 10 kunakutoa mukojo, mufuko wa kilo 40 juu ya kichwa utakufanyia nini? Anza na nusu ya mufuko. Pandisha pumzi nje wakati unainua, usiifunge ndani. Na uwaombe wenzako wakuinulie mufuko mpaka kwenye kichwa. Kuinama na kuuinua kutoka chini ndiyo kunakoumiza kupita yote.

Mukojo unaotoka: aina mbili, si jambo moja

Hapa tunaomba kila mutu asome polepole, juu ni jambo la haya na haya inaua maisha ya wamama wengi.

Kuna mukojo kidogo unaotoka wakati mama anakohoa, anacheka, anaruka. Ni jambo la wengi kisha kuzala. Ni jambo la wengi, lakini si jambo la kukubali milele. Ile kazi ya perine inalisaidia sana, kwa miezi, kama inafanywa kila siku. Muchezaji ambaye anaacha timu kimya-kimya juu kaputula inaloana, mara nyingi alihitaji tu mazoezi na mutu wa kumuelezea.

Lakini kama mukojo, ao haja kubwa, unatoka wakati wote, bila kukohoa, bila kuruka, usiku na mchana, zaidi sana kisha kuzala kwa siku nyingi za uchungu, hiyo inaweza kuwa fistula. Ni tundu kati ya kibofu ao njia ya haja kubwa na njia ya uzazi. Fistula haiponi kwa kukaza misuli. Haiponi kwa dawa ya miti. Si laana, si ugonjwa wa umalaya. Inahitaji munganga wa kupasua, na wengi wanapona. Inchi yetu iko na watu wanaojua hii kazi: hospitali ya Panzi kule Bukavu, ya Dokta Denis Mukwege aliyepata tuzo la Nobel la amani mwaka 2018, imejulikana dunia nzima kwa kushona wamama. Hapa Kisangani, anza kuuliza kwenye hospitali kubwa ao kwenye kliniki za chuo kikuu. Dunia nzima iliweka tarehe 23 mwezi wa tano kila mwaka kuwa siku ya kupigana na fistula. Usingoje ile siku ndipo useme.

Desturi zetu: za kushika na za kupunguza

Wakoko wetu walijua kwamba mama aliyezala ni wa kulindwa. Kwa Waekonda, jamii ya Wamongo kule magharibi, mama wa kwanza anaitwa walé. Anarudia kwa mama yake, anapumzika, anakula vizuri, anapakwa ngola nyekundu, kazi nzito hazimuhusu. Na wakati wake ukiisha, anatoka mbele ya watu wote kwa wimbo na ngoma yake mwenyewe. Tuangalie vizuri ile desturi: kwanza pumziko refu, kisha kutoka kwa sherehe na mwili wenye nguvu. Wataalamu wa leo hawasemi kitu tofauti sana.

Desturi za kukanda tumbo na kulifunga na kikwembe, tuzipime. Kikwembe kilichofungwa kwa upole kinasaidia mama asikie tumbo limeshikwa. Lakini kikwembe kilichokazwa mpaka pumzi inashindwa kinasukuma kila kitu chini, juu ya ile misuli ya perine iliyochoka. Maji ya moto nayo: ya vuguvugu ni sawa; ya kuchemuka yanaunguza ngozi na kufungua mishono. Tunajua mama mukwe anafanya kwa mapendo. Tunaweza kumwambia kwa heshima: «Mama, asante, lakini maji tuyapoze kidogo, munganga alituambia.»

Chakula, damu na maziwa

Kuna watu wanasema mazoezi yanaharibu maziwa ya mama. Si kweli. Mazoezi ya kiasi hayapunguze maziwa wala hayabadilishe utamu wake kiasi cha kumudhuru mutoto. Shirika la Afya la Dunia, OMS, linaomba mutoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi sita, na linaomba pia mama aliyezala afike, polepole, kwenye dakika 150 za mazoezi ya kiasi kwa wiki. Yote mawili yanaenda pamoja. Siri ni hizi: nyonyesha mbele ya mazoezi, ili maziwa yasiwe mazito na ya kuumiza, vaa sutie inayoshika vizuri, kunywa maji, mengi kuliko zamani.

Lakini mama anayenyonyesha na kufanya mazoezi anahitaji chakula cha watu wawili wenye kazi. Kula lituma peke yake kunajaza tumbo, hakujengi damu. Weka pembeni sombe, maharagi, samaki ya mto, mayai, maini ukiweza, na wakati wa mbinzo, usiache mbinzo: ndani yake muna nguvu na chuma. Wamama wengi wanatoka kwenye kuzala na damu kidogo. Mutu mwenye damu kidogo anachoka kwenye hatua ishirini, moyo unapiga mbio, na kocha anasema «amekuwa muvivu». Si uvivu. OMS inashauri dawa za chuma kwa wiki 6 mpaka 12 kisha kuzala pale ambapo upungufu wa damu ni mwingi. Ziulize kwenye kituo cha afya. Na lala ndani ya musikitere, wewe na mutoto. Malaria inakula damu ile ile unayojenga.

Kitu kingine ambacho wachezaji wanasahau: mimba inaweza kurudi mbele hata ya kuona damu ya mwezi. OMS inashauri kungojea miaka miwili kisha kuzala mbele ya kutafuta mimba nyingine. Kwa muchezaji, ile miaka miwili ndiyo msimu wake wa kurudi. Muzungumuze ninyi wawili na muuguzi mapema.

Simama, nenda hospitali

Kuna alama ambazo hazingoje kesho. Kama mama, hata wiki nyingi kisha kuzala, ana moja kati ya hizi, aende leo:

– damu nyingi inayojaza kitambaa kwa saa moja;
– homa, ao maji yenye harufu mbaya yanayotoka chini ao kwenye kidonda;
– muguu moja unavimba na kuuma kwenye nyama ya nyuma;
– maumivu ya kifua ao pumzi inakatika;
– kichwa kinauma sana na macho yanaona giza-giza.

Na kuna ugonjwa usioonekana kwa macho. Kulia-lia kwa siku za kwanza ni jambo la kawaida, linapita ndani ya wiki mbili. Lakini kama huzuni inakaa, mama hataki kumuona mutoto, halali hata mutoto akilala, ao anasema afadhali asingekuwa, hiyo ni ugonjwa. Anahitaji munganga. Hapana mahubiri tu, na hapana masimango.

Sheria inasema nini

Ndugu wachimbaji wanajua uzito wa karatasi kupita watu wengi. Jiwe bila karatasi ni ugomvi. Mimba bila karatasi ni hivyo hivyo.

Code du travail ya inchi yetu, ya mwaka 2002, inampa mwanamuke mwenye kontra wiki 14 za mapumziko ya uzazi, na wakati ule anapata theluthi mbili za mushahara. Akirudi kazini na ananyonyesha, ana haki ya kupumzika mara mbili kwa siku, nusu saa nusu saa, kwa kunyonyesha.

Katika mupira, FIFA ilifuata njia ile ile. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2021, muchezaji mwanamuke mwenye kontra ana haki ya wiki 14, ambamo 8 ni kisha kuzala, na theluthi mbili za mushahara kwa uchache. Klabu haiwezi kumufukuza juu ya mimba. Ni lazima imurudishe ndani ya timu, na imupe nafasi ya kunyonyesha. Sheria hii iko na meno. Sara Björk Gunnarsdóttir, muchezaji wa Iceland, alizala mwaka 2021 wakati alikuwa na kontra na Olympique Lyonnais. Mushahara haukufika wote. Alipeleka mashitaka, na FIFA iliamua alipwe zaidi ya euro 82 000.

Hata kwa wakimbiaji mambo yalibadilika. Mwezi wa tano 2019, Mumarekani Allyson Felix, aliyezala kwa kupasuliwa kwa haraka mwezi wa kumi na moja 2018, aliandika mbele ya dunia nzima namna Nike ilitaka kupunguza kontra yake. Mwezi wa nane, Nike ilitangaza kwamba haitapunguza malipo ya mwanamuke kwa miezi 18 kuzunguka mimba. Na kule Paris 2024, kijiji cha wachezaji kilikuwa na mahali pa kunyonyesha na kucheza na watoto.

Kwa sisi, mwezi wa kumi na moja 2024, wanawake wa TP Mazembe walichukua kombe la klabu bingwa za Afrika kule Morocco, mbele ya AS FAR, bao 1 kwa 0. Wasichana wa mji wa wachimbaji, Lubumbashi. Mabinti wa Kisangani wanawaangalia. Lakini wengi wa mabinti wetu wanacheza bila kontra hata moja, kwa nauli na chupa ya maji. Sheria ya wiki 14 inawapita juu. Kwa hiyo tunaomba viongozi wa timu za mji wetu kitu kidogo kinachowezekana hata bila feza nyingi: karatasi moja, yenye sahihi, inayosema binti akizala, nafasi yake inabaki mwaka mumoja, na atarudi kwa mazoezi ya polepole. Karatasi ile haigharimu kitu. Kwa binti wa miaka 20, ni tofauti kati ya kupumzika na kupotea.

Neno kwa papa na kwa kocha

Papa, unaweza kuwa kwenye kariere wiki sita bila kurudi. Tunajua. Lakini kuna mambo unaweza kufanya hata kutoka mbali. Wakati wa kutuma makuta ya kwanza kisha kuzala, hesabu ndani yake mutu wa kuchota maji na kufua kwa wiki sita. Ni bei ndogo kuliko bei ya upasuaji. Ukirudi nyumbani, usiulize «tumbo litaisha lini?» Uliza «umelala?» Na mushike mutoto dakika 30, ili mama aende kutembea. Zile dakika 30 ndizo mutihani wa kwanza kwenye ile orodha tuliyotoa, na hakuna mama anayeweza kuupita akiwa na mutoto kwenye mugongo na sufuria kwenye moto.

Kocha, mwanamuke akirudi, usimupimie na mwili wa zamani. Mupe programu yake miezi mitatu ya kwanza. Muulize kama kuruka kunamuumiza, na kama una haya ya kuuliza, weka mwanamuke mumoja ndani ya benchi yako ambaye ataweza kuuliza. Acha mutoto aletwe kando ya uwanja. Muchezaji anayejua mutoto wake yuko pale kwenye kivuli na koko yake anacheza na kichwa kimoja. Yule aliyemuacha mbali anacheza na vichwa viwili.

Na wewe mama, usikubali mutu akuambie imeisha. Usikubali pia mutu akusukume kwenye wiki ya nne. Kati ya hao wawili kuna njia, na ni ya polepole. Kipyegon aliifuata mwaka mumoja muzima, na rekodi zote za dunia alizoweka kwa kukimbia peke yake ziko ng'ambo ya ule mwaka.